Jicho la PS na Vidole vya Mama

PlayStation 2 ina ram ya megabaiti 32. Nilikuwa naitaja namba hiyo kabla sijajua ram ni mdudu gani, maana binamu yangu aliitumia kuwatuliza wateja kila gemu ilipochelewa kufunguka. "Vumilia, mwanangu, kichwa chake megabaiti 32 tu." Wateja wakacheka, wakavumilia.

Banda lenyewe lilikuwa Nanganga, jirani na njia panda ambapo barabara ya Ruangwa inaachana na ile ya Mingoyo kwenda Masasi. Aliyewahi kupanda basi la Dar es Salaam kwenda Masasi au Tunduru analijua jina hilo hata kama hajawahi kushuka: basi linapunguza mwendo, wachuuzi wanakimbilia madirishani, kisha safari inaendelea. Mama alikuwa mmoja wa wachuuzi hao, akiuza korosho za kukaanga kwenye vifuko vya nailoni. Mimi nilikuwa shule ya kata mchana, na jioni nakaa mlangoni mwa banda na daftari. Ndani kulikuwa na TV mbili za chogo, PS mbili, benchi, na joto la kukausha nguo. Mechi moja mia mbili. Kazi yangu ilikuwa kupokea hela, kwa sababu binamu aliamini msichana hatawapa marafiki mechi za bure. Hakufikiria kwamba msichana huyohuyo banda likiwa tupu angekaa yeye kwenye padi. Nilicheza hadi nikawa nawafunga vijana wa bodaboda, na hilo liliniletea maneno mtaani kuliko lilivyoniletea sifa. Bibi alisema gemu zitaniharibu macho na ndoa.

Kilichoharibika kwanza lilikuwa jicho la PS. Vumbi la kwetu ni jekundu na jepesi, na lenzi inayosoma diski ni ndogo kama punje ya mtama. Ikishika vumbi, diski inazunguka, inakwaruza, inakata tamaa. Binamu alinifundisha kufungua kasha, kuloweka pamba kwenye spiriti na kupangusa lenzi bila kuigandamiza. Pamba ikishindwa, kuna skrubu ndogo pembeni ya lenzi unayoizungusha kidogo sana ili mwanga wake uongezeke nguvu. Ukizidisha, lenzi inaungua haraka. Mwisho jicho la moja likafa kabisa, na jipya halikupatikana karibu.

Hapo ndipo tulipohamia kwenye flashi. Kuna programu ya bure iitwayo Open PS2 Loader inayoiwezesha mashine kufungua gemu kutoka kwenye flashi badala ya diski, lakini wakati ule ilikuwa na masharti yake. Flashi ilibidi iwe imepangwa kwa mtindo wa FAT32, na mtindo huo haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, kwa hiyo gemu kubwa ilikatwa vipande. Vipande navyo ilibidi vikae kwa mfululizo. Ukifuta gemu moja na kuweka nyingine, vilikuwa vinaishia kutawanyika kwenye nafasi zilizobaki wazi, na mashine inagoma kufungua. Dawa yake ilikuwa kutoa kila kitu, kuipanga flashi upya, na kurudisha gemu moja baada ya nyingine. Kazi hiyo tuliifanya kwenye kompyuta ya stesheneri moja huko Ndanda, tukimlipa mwenyewe kwa saa. Hiyo ndiyo kompyuta ya kwanza niliyoigusa. Na hata baada ya hayo yote, video za gemu zilikatakata, kwa kuwa mlango wa flashi wa PS2 ni wa kizazi cha zamani, mwisho wake megabiti 12 kwa sekunde.

Nayaeleza kwa urefu kwa sababu huko ndiko nilikosomea. Mengine ya miaka ile ni shida ambazo kila familia ya korosho inazijua.

Kwetu ukoo unahesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye nguzo ya masomo ya watoto wa dada yake. Mikorosho ya mjomba ipo juu, upande wa Chiwata, na ada, daftari na viatu vyetu vilitoka huko. Msimu wa 2017/18 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakanunua mabati na pikipiki. Msimu uliofuata wakulima walizikataa bei za minadani wakiziona ndogo, na Novemba 2018 Rais Magufuli akaagiza serikali inunue yote kwa shilingi 3,300, jeshi likasomba. Bei ilitupendeza. Lakini kabla ya malipo palikuwa na uhakiki, ili kuwabaini wale wa kangomba walionunua korosho za watu mitaani na kuzileta kama zao, na uhakiki huo ulichukua muda. Mjomba hakuwa kangomba. Alisubiri tu, mwaka ukaisha, mwingine ukaanza, na mpaka salfa ya kupulizia mikorosho msimu mpya inahitajika alikuwa bado anasubiri sehemu ya fedha yake. Alipuliza kwa mkopo. Mimi nilikaa nyumbani muhula ule nikibangua korosho na mama.

Asiyewahi kubangua kwa mikono ajue hivi. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza. Unakaanga korosho kwenye karai lenye matundu mpaka mafuta yanawaka moto, unazimwagia mchanga, kisha unapasua moja moja. Tunapaka majivu vidoleni, lakini ngozi inachubuka hata hivyo. Mama ameifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa, na ncha za vidole vyake ni laini, hazina mistari.

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na siku ya mwisho ikasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Mama alipanga foleni, akaweka kidole gumba, mashine ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa. Kijana wa usajili alimwambia akanawe, akarudi, ikakataa vilevile. Alikuwa na adabu yule kijana, alimwita mama muda wote, ila hakuwa na la kufanya zaidi ya kumwambia apumzishe mikono wiki kadhaa kisha ajaribu tena. Apumzishe mikono, ale nini? Laini ikafungwa. Laini ile ndiyo iliyokuwa ikipokea fedha za wateja wake wa Mtwara na za kaka yangu aliyekuwa kibarua Dar. Kwa kipindi kirefu mama alipokea fedha zake mwenyewe kwenye simu za watu, akikatwa kidogo hapa, akizungushwa pale.

Nakumbuka niliuliza mashine ile inaamuaje. Hakuna aliyekuwa na jibu Nanganga nzima. Niliambiwa "ni mtandao," kama mtu anavyoambiwa ni mapenzi ya Mungu.

Kidato cha tano na sita nilisoma bweni, mbali, kwa mchango wa ukoo, na sina mengi ya kusema zaidi ya kwamba hesabu zilinikubali. Novemba 2023 nikafika Dodoma kusoma sayansi ya kompyuta, nikiwa na begi, godoro na Tecno iliyopasuka kioo.

Mwaka wa kwanza wa kozi hii unaanza na lugha ya C. Wenzangu waliandika kwenye laptop. Mimi niliandika kwenye simu, na kibodi ya simu haikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa C. Mabano ya mawimbi, ambayo lugha hiyo haiendi hatua bila kuyatumia, yamefichwa kwenye ukurasa wa tatu wa kibodi. Kila bano ni kugusa hapa, kugusa pale, kurudi. Kwa hiyo niliandika programu yote kwenye daftari kwanza, nikaikagua mstari kwa mstari kwa kalamu, ndipo nikaihamishia kwenye simu. Maabara ilikuwepo, na niliitumia, lakini mgao wa umeme ulikuwa umeshika nchi nzima miezi ile, mpaka mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulipowashwa Februari 2024. Umeme ukikatika, maabara ni viti tu. Bwenini niliazima laptop za watu wakiwa wamelala, kuanzia saa nane usiku, na saa mbili asubuhi nilikuwa darasani nikisinzia kwa heshima.

Boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, ilikuwa shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi. Sehemu yake ilikuwa inarudi kusini. Niliishi kwa wali maharage wa mara moja kwa siku, na jioni uji.

Watu wa kanisani kwetu na hata walimu wamewahi kuniomba nisimame nitoe ushuhuda, na naona wanachokisubiri: niseme kwamba shida ilinijenga. Sijengwi na njaa. Muhula niliobangua korosho badala ya kusoma haukunifundisha chochote ambacho nisingeweza kufundishwa nikiwa nimeshiba. Kilichonivusha ni vitu viwili ninavyoweza kuvitaja kwa majina: watu wa ukoo wangu, na ufundi niliouokota kwenye lile banda.

Mei 2024 vyote viwili vilihitajika kwa mpigo. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilipiga pwani, na mafuriko yakaikata barabara kuu ya kusini huko Kilwa, maeneo ya Somanga. Mabasi ya Dar hayakupita. Njia panda ya Nanganga bila mabasi ni kijiji chenye korosho za kukaanga zisizo na mlaji, na mama hakuwa akiuza kitu. Nilituma nusu ya boom, kwenye laini ya binamu. Kisha tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikapata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikabaki na mtandao wa kuvuta kwa kamba. Tulikuwa na kazi za kuwasilisha. Wenye laptop nzuri walikaa wakitazama kiduara kikizunguka, maana walizoea kutafuta kila kitu mtandaoni, hata namna ya kusoma faili.

Mimi nilikuwa na flashi. Mtu aliyekulia bandani hategemei mtandao. Kila nilipopata bando la usiku nilishusha vitabu, miongozo ya lugha za programu, vifaa vya kukusanyia msimbo, na kuvipanga kwenye makabrasha kwa majina yanayoeleweka. Habari ikaenea bwenini, watu wakaanza kuja na flashi zao, na safari hii sikutoza mia mbili. Dada mmoja wa mwaka wa tatu aliyekuja kunakili aliona ninavyoandika C kwa kidole gumba, akanyamaza, kesho yake akaniachia laptop yake ya zamani mpaka mitihani ilipoisha. Mwaka wa pili, mhadhiri wa mifumo endeshi alipofika kwenye mada ya faili kutawanyika diskini, nilinyoosha mkono nikaeleza habari ya PS2 kugoma. Darasa lilicheka. Yeye hakucheka, aliniambia niendelee.

Laptop yangu mwenyewe ilitoka bandani. Binamu aliuza PS zote mbili na TV, akanitumia fedha, nami nikanunua iliyotumika, ram gigabaiti 4, betri yake imekufa kwa hiyo inaishi ukutani. Nilimwambia nitamlipa. Akanijibu kwa utani wetu wa binamu kwamba mahari yangu imeshapungua kwa kiasi hicho. Ukweli ni kwamba banda lilikuwa linakufa tayari. Vijana sasa wanacheza eFootball na Dream League Soccer kwenye simu zao, wameweka jezi za Simba na Yanga, na anayetaka gemu za zamani anawekewa kiigizi cha PPSSPP. Binamu ndiye anayewawekea, buku kwa kichwa, amekaa palepale na meza ndogo.

Sasa namalizia mradi wa mwaka wa mwisho. Ni daftari la kwenye simu la wanawake wanaobangua kwa kikundi: nani kaleta kilo ngapi, nani kakopa, nani kalipwa. Linafanya kazi bila mtandao na halina haja ya simu kubwa. Nilijiwekea sharti moja tangu mwanzo, kwamba halitamuomba mtu kidole. Nilipanga namba ya siri ya tarakimu nne, mama akaikataa. "Namba nasahau, mwanangu. Weka picha." Nikaweka picha 12, unachagua tatu kwa mpangilio wako. Mama alichagua kuku, jembe, kuku.

Msimamizi wangu alipiga hesabu papo hapo: picha 12 kwa nafasi tatu ni njia 1,728, wakati tarakimu nne ni njia 10,000. Ulinzi umepungua. Nikaongeza kufuli, ukikosea mara tatu daftari linajifunga kwa saa nzima. Likizo niliwagawia kina mama wa kikundi walijaribu, na niliporudi Dodoma simu ya kwanza kuingia ilitoka Nanganga, usiku, kwenye laini ya binamu.

"Imenikataa," mama alisema. "Nimeweka jembe mbele ya kuku. Na hii nayo ni mtandao?"

Nikamwambia hapana, hii ni mimi. Nimeshusha saa nzima kuwa dakika tano, na nimeweka kitufe cha mwenyekiti wa kikundi kumfungulia mwenzake. Hesabu ya ulinzi nimeiandika upya, kurasa mbili, na msimamizi ameniuliza nitamzuiaje mwenyekiti asijifungulie madaftari ya watu. Hilo ndilo nalifanyia kazi wiki hii.