Kokoro la Msomi

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria hungoja usiku usio na mbalamwezi, wakawasha karabai, wakasubiri samaki wajikusanye penye mwanga. Yuko msomi ambaye hangoji mwezi uzame. Giza analo lake. Hutupa kokoro katika takwimu zake, na kila likitoka tupu huligeuza: leo wanawake peke yao, kesho vijana wa visiwani, keshokutwa waliozaliwa Ijumaa. Mara ya ishirini hunasa kitu, akaitisha mkutano wa waandishi.

Ishirini hiyo ina asili yake. Mwaka 1925 Mwingereza Ronald Fisher alipendekeza kuwa tokeo ambalo bahati tupu ingelileta mara moja tu katika ishirini lastahili kuangaliwa. Ulikuwa mpaka wa kurahisisha kazi. Wafuasi wakaufanya kibla.

Mwanza yaujua mpaka huo kuliko miji mingi. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapa utafiti wa mkoa huo katika jamii 12, zilizopangwa jozi sita. Palipoboreshwa tiba ya magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya VVU kwa miaka miwili yalikuwa asilimia 1.2, kwingine 1.9. Jozi zote sita zilielekea upande mmoja, na dunia ikapiga vigelegele. Mwaka 1999 zikaja habari za Rakai, Uganda, magharibi ya ziwa hilo hilo: dawa ziligawiwa kwa umma, na pande zote mbili zikatoka sawa, 1.5 kwa watu 100 kwa mwaka. Hakuna aliyedanganya. Tiba hazikufanana, wala hali ya ugonjwa haikufanana.

Kigumu zaidi kilikuja na MEMA kwa Vijana, mradi wa elimu katika jamii 20 za Mwanza. Matokeo yaliyochapwa mwaka 2007 yalionyesha ujuzi wa vijana umepanda, lakini VVU haikuthibitika kupungua. Na kisonono, kwa wasichana, kikaonekana kimezidi pale pale palipofundishwa! Tena kilivuka mpaka, japo kwa unywele. Msomi wa kokoro angelikifukia mchangani, kisha akaendelea kugeuza wavu hadi apate la kumpendeza mfadhili. Watafiti wale walikiandika, kikasomwa na kila aliyetaka kuwacheka.

Sokoni Mwaloni, Kirumba, mnunuzi wa dagaa hasikilizi sana sifa za muuzaji. Hutia mkono ndani ya gunia hadi chini, akachota, akakung'uta, kisha akatazama mchanga uliobaki kiganjani.