Pete, Mdomo na Hesi: Gurudumu la Mchangani kwa Kiswahili

Yako maneno yanayoingia katika lugha kwa mlango wa mbele, yakapokewa na wataalamu na kuandikwa katika kamusi. Yako na mengine yanayoingia kwa mlango wa uani, mikono ikiwa na grisi, na hakuna anayeyauliza yametoka wapi. Neno bidiloki ni la aina hii ya pili. Mafundi wa magari ya mchangani hapa Maskati hulitamka kutwa kucha, na kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza sisi wasemaji wa Kiswahili tutakiitaje kitu hicho.

Kiingereza kimeliunda neno hilo kwa maneno mawili, ushanga na kufuli. Ukilifasiri neno kwa neno utapata “kufuli la ushanga”, na yeyote aliyekulia Unguja atafikiria kiuno cha bibi harusi kabla hajalifikiria gari. Kinachoitwa ushanga hapa ni ule ukingo mnene wa tairi, wenye nyaya za chuma zilizofunikwa kwa mpira, unaokalia rimu. Mimi nauita mdomo wa tairi, kwa kuwa ndio unaoing’ata rimu.

Katika gurudumu la kawaida, kinachoushikilia mdomo huo ni upepo uliomo ndani. Barabarani, upepo ukiwa ratili 35 kwa inchi ya mraba, mdomo hausogei. Mchangani mambo ni mengine. Dereva hupunguza upepo hadi ratili 15, pengine chini yake, ili tairi litandae na kupita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Lakini upepo uliopungua hauna tena nguvu ya kuubana mdomo. Gari likigeuka ghafla kwenye ubavu wa tuta, mchanga hulisukuma tairi kwa pembeni, mdomo ukachopoka katika rimu, na upepo wote ukatoka mara moja. Gari lililoinama juu ya mteremko, likapoteza tairi la upande wa chini, laweza kupinduka.

Bidiloki ni dawa ya tatizo hilo. Mdomo wa nje wa tairi hulazwa juu ya uso wa rimu, kisha pete nene ya chuma au ya alumini hufunikwa juu yake na kukazwa kwa boliti nyingi, aghalabu ishirini na kitu au thelathini na kitu. Mdomo hubanwa kati ya rimu na pete kama karatasi iliyobanwa kati ya vidole. Magurudumu mengi ya aina hii hubana mdomo wa nje tu. Wa ndani hubaki ukitegemea upepo kama zamani. Kwa hiyo napendekeza tuliite gurudumu la pete. Jina hili ni jepesi, na linamwonyesha msikilizaji kile kinachofanya kazi.

Huenda ukauliza, mpenzi wa mashairi anatafuta nini katika magurudumu? Naishi Oman. Baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, watu wengi wenye asili ya Oman waliokuwa Zanzibar na Afrika Mashariki walirejea huku, nasi tukaja na Kiswahili chetu. Kizazi chetu kinakisema nyumbani, misibani na harusini. Watoto wetu wanakielewa, lakini wengi hujibu kwa Kiarabu. Mtoto wa ndugu yangu ni mmoja wao. Nikimwambia, “Mwanangu, nipe maji,” maji yataletwa kwa adabu zote, na jibu litakuja kwa Kiarabu.

Kijana huyo riziki yake ni kuwapeleka wageni katika jangwa la Sharqiya, lile ambalo wazee huliita Ramlat al-Wahiba. Ni bahari ya mchanga yenye urefu wa takriban kilomita 180 kutoka kaskazini hadi kusini, na upana wa kilomita 80 hivi. Gari lake lina magurudumu ya pete. Kila mwaka, joto linapoanza kupungua na msimu wa wageni kukaribia, hulileta uani kwangu tuyakague, maana nilifanya kazi ya gereji miaka mingi. Nilimwekea sharti moja: kazi yote ifanyike kwa Kiswahili. Asiyejua jina la kitu asikiguse.

Tunaanza na upepo. Haupunguzwi, hutolewa wote, na kile kijiti cha ndani ya valvu hufunguliwa kabisa ili pasibaki shaka. Ukilegeza boliti ilhali upepo umo, pete husukumwa kwa nguvu na huweza kumrukia fundi usoni. Hapo kijana hujifunza tofauti kati ya kupunguza na kutoa, na hujifunza kwamba tofauti hiyo yaweza kumgharimu jicho.

Kisha tunaosha. Mchanga laini hujipenyeza kati ya pete na rimu, na ukiachwa humo, pete haikai sawa hata ukikaza vipi. Kibaya zaidi ni chumvi. Madereva wengi hupita ufukweni na katika ardhi ya chumvi, nayo chumvi hunata katika kila upenyo. Pale ambapo boliti ya chuma hukutana na pete ya alumini penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa polepole na kuacha unga mweupe. Boliti ikishikwa na unga huo haifunguki tena bila kukatika. Ndiyo maana tunaosha kwa maji baridi na brashi, na kukausha kabla ya kurudisha kitu chochote mahali pake.

Baada ya hapo ndipo tunapokagua. Kila boliti hutolewa na kuangaliwa hesi yake, yaani ile mifuo inayozunguka mwili wake kama ngazi ya mnara. Hesi iliyolika, mwili uliovutika, kichwa chenye kutu, vyote hutupwa. Boliti mpya lazima ilingane na ya zamani kwa unene, kwa urefu na kwa nguvu. Sura pekee haitoshi, kwani alama zilizopigwa kichwani ndizo zinazotaja nguvu yake. Pete nayo hutazamwa kama imepinda au ina ufa, hasa kuzunguka matundu. Kuhusu kupaka mafuta katika hesi, hufuatwa maelekezo ya kiwanda, kwa kuwa boliti yenye mafuta hukazika zaidi ya ile kavu kwa nguvu ile ile ya mkono.

Mwisho ni kukaza, na hapa ndipo vijana wengi hushindwa na subira. Boliti hazikazwi kwa kufuatana kama shanga za tasbihi. Hukazwa kwa kuvuka, hii ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto, kidogo kidogo, ili pete ishuke sawasawa pande zote. Ukiimaliza moja kabla ya wenzake, pete huinama upande mmoja na mdomo hubaki wazi upande wa pili. Mizunguko ya mwisho hufanywa kwa spana ya kupimia mkazo, inayogonga “tak” kiwango kinapofika, wala si kwa mashine ya upepo inayokaza bila kuhesabu. Baada ya safari ya kwanza boliti zote hupimwa tena, kwa sababu mpira wa mdomo hujilaza na mkazo hupungua. Ili asisahau, nilimtungia ubeti mmoja:

Kaza kwa zamu boliti, haraka haina haja,
Haba kwa haba kwa dhati, zote zikae pamoja,
Usiamini bahati, msafara unangoja,
Boliti zikiwa moja, mchanga hauzipati.

Wapo wanaosema Kiswahili hakina uwezo wa kubeba mambo ya mitambo. Hao nawakumbusha jahazi. Wazee wetu walikuwa na neno kalafati kwa kazi ya kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba. Walikuwa na neno sifa kwa mafuta ya papa yaliyopakwa ubavuni mwa chombo ili maji ya bahari yasiule ubao. Omo, tezi, foromali, mlingoti: hakuna sehemu ya chombo iliyokosa jina, na mengi ya majina hayo yalikuja na wageni kama lilivyokuja neno tairi. Wazee walikuwa na maneno ya kutunzia jahazi kwa sababu walilitunza kwa mikono yao, na kwa sababu chombo kilichokalafatiwa vibaya kilizama na watu wake. Neno hudumu pale linapohitajika ili mtu asipotee. Kutoka jangwa la Sharqiya ukielekea pwani unafika Sur, mji uliosifika kwa kuunda majahazi, na kila nipitapo njia hiyo naona kwamba safari ya baharini na safari ya mchangani hudai uangalifu ule ule.

Mwaka jana, jioni ya kuamkia safari, tulikuwa tunamalizia gurudumu la nne. Spana ikafika kwenye boliti moja, ikazunguka, ikazunguka tena, wala haikugonga. Tukaitoa. Hesi ya boliti ilikuwa nzima. Iliyokufa ni hesi ya tundu ndani ya rimu. Kijana akanitazama, akasema kwa Kiarabu kwamba zimebaki thelathini na moja, je, hazitoshi?

“Kamba hukatikia pabovu,” nikamjibu. “Boliti hii isipobeba mzigo wake, jirani zake wawili wataubeba. Wakichoka wao, nani atafuata?”

Hakupendezwa. Kuahirisha safari ni kupoteza pato la siku, na huenda pia kumpoteza mgeni. Alikaa kitambo juu ya tairi la akiba, kisha akachukua simu. Wageni wake walikuwa familia ya huku huku Maskati, na aliyepokea alikuwa bibi mtu mzima, mzaliwa wa Pemba, ambaye alimsemesha kwa Kiswahili. Nikamsikia kijana wangu akivuta pumzi.

“Shikamoo bibi. Nakuomba radhi, kesho hatutaweza kwenda. Hesi ya tundu moja imekufa, pete haitaubana mdomo wa tairi sawasawa. Tutakwenda keshokutwa, inshallah.”

Bibi naye alisema maneno marefu ambayo sikuyasikia, ila nilimwona kijana akitabasamu na kuitikia, “Ahsante bibi, amin.” Kesho yake tulimpelekea rimu fundi wa kukereza vyuma, akalipanua tundu na kutia ndani yake hesi mpya ya chuma. Keshokutwa wakaenda, wakarudi salama, na usiku ule ule boliti zote zikapimwa upya.

Sijawahi kumfundisha kijana huyo sarufi, wala sikumlazimisha kuhifadhi msamiati. Maneno hesi, pete na mdomo yalimjia siku alipokuwa na jambo zito la kumweleza mtu anayemstahi, na maneno hayo ndiyo yaliyokuwa karibu na mkono wake. Tukitaka watoto wetu wa ughaibuni wabaki na lugha, sherehe za lugha pekee hazitatosha. Tuwape kazi yenye dhamana ndani yake, na tuwatajie majina ya kila wanachokishika.

Nanyi wenzangu mlio Mombasa, Tanga, Kigoma na Lubumbashi, mafundi wenu wanauitaje mdomo wa tairi? Kama mna neno lililo bora kuliko langu, nileteeni. Nina gari uani, na msimu unakaribia.