Zaidi ya Taji: Safari ya Jennifer Hosten wa Grenada

Waswahili wana methali mbili ambazo aghalabu hutajwa panapozungumziwa urembo wa mwanamke. Ya kwanza hudai kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya pili huonya kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali ya kwanza humgeuza mwenye sura jamali kuwa bidhaa. Ya pili humdhania kuwa mtupu. Maisha ya Jennifer Hosten, binti wa Karibi, yanazitia methali hizi zote mbili mizanini.

Hosten alizaliwa mwaka 1947 mjini St. George's, Grenada, kisiwa kinachosifika kwa zao la kungumanga, na ambacho wakati huo kilikuwa koloni la Uingereza. Alipoinukia alikwenda London, akajifunza utangazaji katika BBC, na baadaye akawa mhudumu wa ndege. Kwa hiyo, aliposhiriki mashindano ya Miss World mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 23, hakuwa kigoli aliyetolewa ndani siku hiyo. Alikuwa mwanamke aliyekwisha kuiona dunia na kujitafutia riziki.

Usiku wa Novemba 20, 1970, ukumbi wa Royal Albert Hall uligeuka uwanja wa vita vya fikra. Mchekeshaji Bob Hope alipokuwa akitumbuiza, wanawake watetezi wa ukombozi waliinuka vitini, wakapiga kelele na kurusha unga na makaratasi. Hoja yao ilikuwa bayana: mashindano hayo yaliwapima wanawake kama ng'ombe mnadani. Hope alitimua mbio, akarudi utulivu uliporejea.

Jukwaa hilohilo lilibeba mgogoro mwingine. Kutokana na shinikizo dhidi ya ubaguzi wa rangi, Afrika Kusini ilileta washiriki wawili: Jillian Jessup, Mzungu, aliyevaa utepe wa nchi yake, na Pearl Jansen, asiye Mzungu, ambaye utepe wake uliandikwa "Africa South", kana kwamba hata jina la nchi halikuwa haki yake. Matokeo yalipotangazwa, Jessup alikuwa wa tano, Jansen wa pili, na Hosten wa kwanza. Kwa mara ya kwanza, taji hilo lilitua juu ya kichwa cha mwanamke mweusi.

Furaha hiyo haikudumu bila doa. Miongoni mwa waamuzi alikuwamo Eric Gairy, Waziri Kiongozi wa Grenada. Magazeti yakanong'ona, kisha yakapaza sauti, kwamba ushindi ulipangwa. Waandalizi walieleza kuwa hesabu ilizingatia nafasi zote ambazo waamuzi walimpa kila mshiriki, si nafasi ya kwanza pekee. Hata hivyo, tuhuma ni kama moshi. Hukaa nguoni hata moto ukizimika. Mwanamke mweusi ameshinda, na swali la kwanza la ulimwengu ni nani aliyemsaidia!

Jibu lake Hosten lilikuwa kazi. Mwaka 1978, Grenada ikiwa imekwisha kupata uhuru wake mwaka 1974, aliteuliwa kuwa balozi wa nchi yake nchini Kanada. Wenye shaka wangeweza kusema kwamba Gairy, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikuwa akimbeba tena. Lakini Machi 1979 Gairy alipinduliwa na Maurice Bishop na wanamapinduzi wake, na Hosten akaendelea kuhudumu hadi mwaka 1981. Serikali mbili zilizohasimiana zilimwona kuwa anafaa. Je, huyo ni mkakasi mtupu?

Hakukomea hapo. Alisoma hadi shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Carleton, Ottawa, akashughulikia masuala ya maendeleo na biashara ya kimataifa, na akafanya kazi katika ubalozi wa Kanada nchini Bangladesh. Baadaye aliendesha hoteli ndogo kwao Grenada na kusomea tiba ya kisaikolojia. Mwanamke aliyetazamwa na mamilioni ya macho akachagua kazi ya kusikiliza.

Jambo la kuzingatiwa zaidi na wanafunzi wa fasihi ni suala la sauti. Kwa waandamanaji, Hosten alikuwa ishara ya unyonge wa mwanamke. Kwa magazeti, alikuwa kashfa. Kwa wauzaji, sura. Kila mmoja alimsawiri apendavyo. Mwaka 2008 alichapisha tawasifu yake, *Beyond Miss World*, akawa msimulizi wa kisa chake mwenyewe. Mwaka 2010 kipindi cha redio cha BBC kilimkutanisha na baadhi ya waliovuruga hafla ile, na mwaka 2020 filamu ya *Misbehaviour* ikazieleza pande zote mbili.

Waandamanaji hawakukosea kulipinga soko lile. Wala Hosten hakukosea kupita katika mlango uliokuwa wazi, kwa kuwa milango iliyofunguliwa binti mweusi wa kisiwani haikuwa mingi. Kosa lingekuwa kumwacha abaki palepale jukwaani, mwaka 1970, na utepe begani, ilhali mwenyewe aliondoka zamani akaenda zake kazini.