Siku Tatu Kigoma Tukingojea Meli

Wamama wapendwa, kila tukikutana kwa likelemba kuna mmoja ataniuliza: "Ni kweli wewe na bwana yako mlikula fungu zima kwa kutembea tu?" Ni kweli. Ilikuwa mwaka wa 2013, ndoa yetu ilipotimiza miaka kumi. Watoto tuliwaacha kwa mama yangu hapa Uvira, tukaenda Bujumbura, tukapita Rumonge na Nyanza-Lac, tukavuka mpaka Manyovu, na Jumapili jioni tukaingia Kigoma. Meli ilikuwa ya Jumatano.

Bwana yangu ni fundi wa mota. Tangu utoto alisikia habari za Liemba, meli ya zamani ya Wajerumani iliyokuwa ikitembea ziwani mwetu, na hamu yake ilikuwa kuipanda hadi Mpulungu, kule Zambia, na kurudi nayo. Hamu hiyo ilikuwa yake. Mimi nilibeba kikwembe kipya ndani ya begi, na woga.

Mwaka wa 1996 vita vilipofika Uvira nilikuwa na miaka 13. Tulikimbia kwa miguu hadi Baraka, mama, mimi na wadogo zangu wawili, na kutoka pale tukavuka ziwa kwa mtumbwi wa mota. Katikati ya maji mota ilizimika. Usiku kucha tuliteka maji kwa sufuria na kuyamwaga nje. Asubuhi tulifika ufuko wa Kibirizi, karibu na Kigoma, tumelowa na tunatetemeka. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa alivua kikwembe alichojifunga juu ya gauni, akamfunika mdogo wangu, akatupikia uji. Tulisikia watu wakimwita Mama Hawa. Kabla ya mchana tulipandishwa lori, na baadaye tukapelekwa kambi ya Lugufu.

Tangu siku ile sikukanyaga chombo cha majini. Mama naye vilevile. Mwaka wa 1997 Umoja wa Mataifa uliikodi hiyohiyo Liemba kuwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Uvira, na mama alikataa kutuandikisha. Alisema heri kuzeekea kambini. Tulirudi nyumbani miaka mingine, kwa barabara.

Basi aliposikia tunaenda Kigoma, alinunua kikwembe cha yadi sita, cha buluu chenye maua mekundu, akanipa. "Mpelekee Mama Hawa." Kana kwamba Kigoma ni kiwanja kimoja cha nyumba! Nilipomwambia kwamba mwanaume wangu anataka tupande meli, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kikwembe kwanza."

Tiketi tulikuwa hatujakata. Bwana yangu alisema: "Tufike. Uitazame. Halafu utaniambia."

Jumatatu tulizunguka mjini. Barabara kuu inaitwa Lumumba, na bwana yangu alitembea katikati yake kama mwenye shamba. Kuna miembe mikubwa yenye kivuli kizuri, na chini karibu na maji iko stesheni ya treni iliyojengwa wakati wa Wajerumani. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika hapo mwaka wa 1914, na ndiyo iliyoleta ile meli. Ilitengenezwa Ujerumani, mji wa Papenburg, mwaka wa 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikawekwa katika masanduku kama 5,000, ikaunganishwa tena palepale Kigoma. Mwaka wa 1916, wakiwa wanashindwa vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza walipaka mashine mafuta mazito ili kutu isizile. Waingereza waliitoa majini mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Habari hiyo ya mafuta niliisikia mara nne kwa siku moja. Mwenye bwana fundi anajua ninachosema.

Chakula hakikutupa shida. Mukeke wetu wao wanauita mgebuka, ndakala ni dagaa, mawese ni mawese. Shida ilikuwa salamu. Bwana yangu alimwambia bibi mmoja sokoni, "Jambo, mama," na bibi akamtazama tu, akingoja. Mimi nilikulia kambini Tanzania, nikapiga goti kidogo: "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Papo hapo akatuongezea nyanya mbili. Tangu hapo bwana yangu alimsalimia shikamoo kila mtu, hata vijana wa pikipiki, wakamcheka.

Mchana tulikwenda Ujiji, kilomita chache tu kwa daladala. Watalii huenda kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka wa 1871. Kuna jiwe la kumbukumbu na miembe, na aliyetutembeza aliwaeleza hao wazungu wawili mpaka miguu ikaniuma. Mimi niligusika zaidi na wazee waliokaa vibarazani, wanaojiita Wamanyema. Ni Maniema yetu hiyo! Babu zao na bibi zao walivuka kutoka upande wetu, wengine wakifuata biashara, wengine wakiwa watumwa au wamebebeshwa pembe za ndovu, na Ujiji ilikuwa kituo cha njia ile ndefu ya kwenda pwani. Nilisimama pale nikifikiri juu ya watoto waliovuka maji haya kabla yetu, bila mtu wa kuwapikia uji.

Usiku, kutoka nyumba ya wageni, tuliona taa za wavuvi wa dagaa. Mwezi haukuwepo, na wakati wa giza ndipo wanapovua. Ungesema kuna mji mwingine juu ya ziwa.

Jumanne ilikuwa ya Kibirizi. Nilidhani nitapatambua, lakini sikutambua kitu. Kuna mitumbwi mingi, dagaa wameanikwa, harufu ileile, lakini hakuna mti wala nyumba niliyoikumbuka. Nikaanza kuuliza Mama Hawa. Walicheka. "Yupi?"

Wa kwanza alikuwa mdogo kuliko mimi. Wa pili alihamia pale baada ya vita vyetu. Alituombea msamaha kana kwamba ni kosa lake. Wa tatu tulimkuta ameketi mkekani, mzee, macho hayaoni vizuri. Nilimsimulia habari yote, mtumbwi, uji, kikwembe. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mwaka ule nani hakupokea mtu? Kila nyumba hapa ilikuwa na Wakongo. Uji nilipika, tena mwingi. Nguo nilitoa. Lakini huyo mtoto wenu simkumbuki. Labda ni mimi. Labda ni jirani yangu, amekwisha fariki."

Angeweza kusema ndiyo, achukue kikwembe. Nilikiweka mapajani mwake. Alikipapasa kwa vidole, akamwita mjukuu amwambie rangi yake. Kisha akamtuma ndani, na mtoto akarudi na mfuko wa dagaa wakavu, kilo mbili hivi. "Mpelekee mama yako." Nilikataa, akakasirika, nikapokea. Njiani bwana yangu alicheka: "Sasa deni limeanza upya."

Jumatano tulishuka bandarini. Meli ni ndefu kuliko nilivyofikiri, mita 70 na zaidi, chuma kitupu, na watu walikuwa wakipakia mananasi, magodoro, mafuta. Nilitazama pale ubao unapounganisha nchi kavu na meli. Chini yake maji yalionekana, nusu mita hivi. Bwana yangu hakusema neno. Hata ya mafuta hakuisema.

Mbele yangu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani alisimama ghafla, akanigeukia: "Dada, nishikie ndoo nikamate kamba." Nilishika. Alipofika ng'ambo alinyoosha mkono kuipokea, na mkono wangu haukufika. Ikabidi nivuke.

Tulikata tiketi za chumba cha vitanda viwili. Usiku ule sikulala, nilikuwa nikisikiliza mashine kama zitazimika. Vijijini ambako hakukuwa na gati meli ilisimama mbali, mitumbwi ilikuja gizani, na wamama walipanda ubavuni na vikapu na watoto huku mawimbi yakiwarusha. Niliwatazama hadi alfajiri.

Tuliporudi Uvira, mama alifungua mfuko wa dagaa, akawanusa.

"Umempata?"

"Nimempa Mama Hawa wa tatu."

"Alikuwa mrefu?"

"Hapana, mama. Mfupi."

"Basi si yeye." Alianza kuchambua dagaa sinia kwake. Baada ya muda akauliza: "Lakini ile buluu, aliipenda?"