Hela ya Tabora

Katika nyumba moja mjini Tabora palikuwa na sarafu ya hela 20 iliyorithiwa kwa babu. Ilikuwa nyeusi mfano wa chungu cha kale. Mjukuu, kwa kumheshimu marehemu, aliitia ndimu na majivu, akaisugua asubuhi nzima hata ikang'aa kama dhahabu. Alipoipeleka kwa mnunuzi wa sarafu za kale, mzee yule aliigeuza mara moja tu, akaguna. "Mwanangu," akasema, "ungaliiacha na weusi wake." Kisha akataja bei ndogo mno.

Sarafu hiyo ilikuwa na herufi T. Tangu mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia ya koloni lao katika hela 100, na huko ndiko lilikotoka neno hela linalotumika hata leo kwa maana ya fedha. Hela za awali zilipigwa Ujerumani: za herufi A Berlin, za J Hamburg. Vita vilipozuka mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari, na sarafu zikaadimika. Mwaka 1916 ikalazimu zipigwe Tabora, katika karakana ya reli, kwa shaba iliyopatikana, hata ya maganda ya mizinga. Zilipigwa pia sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye sura ya tembo; hizo zilizidi 16,000 kwa uchache tu. Septemba ya mwaka uo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini, na herufi T haikupigwa tena.

Herufi, basi, humwambia mkusanyaji sarafu ilizaliwa wapi na pamoja na ndugu wangapi. Haimwambii ilivyoishi. Hela za shaba zilikuwa nyingi kuliko tembo wa dhahabu, na zilipita sokoni mkono kwa mkono. Zilizosalia bila kusagika ndizo chache, na ndizo zitafutwazo.

Hata hivyo hali haipimwi bila kujua kiwanda. Karakana ya kutengenezea magari ya moshi haikuwa nyumba ya sarafu, na mara nyingi chapa yake ilikuwa hafifu. Taji lililofifia juu ya hela ya Berlin ni dalili ya kuchakaa. Juu ya hela ya Tabora huenda likawa lilitoka hivyo mashineni. Mjuzi hutazama ngozi ya shaba yenyewe, na ngozi hiyo ndiyo iliyoondolewa na majivu. Kwa haki, hukumu hii ni kali: kijana alilelewa kuamini kwamba chombo cha mzee husafishwa, na nani angemfundisha vingine?

Hakuiuza. Mama yake aliifunga katika kitambaa, akairudisha sandukuni. Imeanza kuwa nyeusi tena, lakini ukiielekeza kwenye mwanga, mikwaruzo bado yaonekana kandokando ya herufi T.