Sauti ya "e" katika Surat Hud



Wanafunzi wangu, mnajua nyote kuwa sipendi kuisikia "e" katika usomaji wa Qur'ani. Kosa hili tunalitoa nyumbani. Kiarabu kina fat-ha, kasra na dhumma. Kiswahili kina irabu tano. Maneno mengi tuliyoyapokea kwa Waarabu tuliyatia "e" yetu: rahma ikawa rehema, ni'ma ikawa neema, ilmu ikawa elimu. Waturuki nao jina Muhammad wamelifanya Mehmet. Katika mazungumzo si kosa. Lakini mtoto akifungua msahafu kwa ulimi huohuo, husoma "er-rehmani", nami humrudisha.

Sasa sikilizeni yaliyonipata mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha. Kijana mmoja alifika Surat Hud, aya ya 41, akatamka "majreeha". Nikamrudisha: "Majraaha!" Akasoma vilevile. Mara ya tatu alinyamaza, machozi yakimlengalenga.

Kesho yake bibi yake, aliyemsomesha, akaja na msahafu. Hakugomba. Alisema tu, "Mwalimu, hebu nitazamie hapa chini ya raa, macho yangu hayaoni vizuri." Palikuwa na alama ndogo ya pembe nne. Diploma ninayo, lakini alama ile nilikuwa nikiipita tu.

Hiyo ndiyo imala: fat-ha huinamishwa kuelekea kasra, na alifu kuelekea yaa, sauti ikaikaribia "e" ya "pete", ila ndefu. Katika riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim, tunayoisoma sisi, imala imo katika neno hili moja tu. Hamza na Kisai wanayo mahali pengi, kama mwishoni mwa aya za mwanzo za Surat Najm. Na Sudan, wanaosoma riwaya ya Duri kutoka kwa Abu Amr huisoma katika "nar" yenye kasra mwishoni. Wanazuoni wameeleza kuwa watu wa Hijazi walitamka fat-ha, na imala ilikuwa lahaja ya makabila ya Najd, kama Banu Tamim. Kumbe "e" niliyokuwa nikiifukuza ina kwao Arabuni! Ila haisomwi kwa kupenda. Husomwa pale ilipopokewa tu.

Jioni ile nilimwomba radhi yule bibi, na siku ya pili kijana wake, mbele ya darasa. Kisha akatusomea aya ya 41, nasi tukamfuatia, sauti yangu ikiwamo.