Dawa Itangulie Mvua

Mwishoni mwa mwaka 2023 Mto Tana ulifurika, barabara ya kwenda Garissa ikafunikwa na maji, watu wakavushwa kwa mashua. Mimi mwalimu nilipopata habari hiyo nilijiuliza: mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa usiku huvukaje? Maji machafu hueneza kipindupindu, na yaliyotuama huzalisha mbu. Nayo mabadiliko ya tabianchi huzidisha nguvu za mvua kubwa. Basi watabiri wa hali ya hewa wakinena, wenye kuangalia afya yetu watende: dawa na vyandarua vifike zahanatini kabla barabara haijakatika, na zahanati zijengwe palipoinuka. Wanafunzi wapenzi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini uhai ukibomoka haujengwi tena.